Florence Kasumba: Mzaliwa wa Kampala anayelinda mpaka wa Wakanda

Na Mwandishi Wetu

KATIKA filamu ya Captain America: Civil War, iliyotoka mwaka 2016, kuna tukio fupi ambalo mtu akiinama kuokota njugu linampita. Mrithi wa kiti cha ufalme wa Wakanda anaelekea kwenye gari lake mjini Berlin. Njiani amesimama jasusi mwanamke, yule yule ambaye katika filamu zilizotangulia amewaangusha wanaume wasiohesabika. Mlinzi wa mfalme, mwanamke aliyenyoa upara, anamkazia macho na kumpa mambo mawili achague: asogee mwenyewe, au asogezwe.

Hayo ndiyo karibu maneno yote aliyopewa kusema. Orodha ya majina inayopita mwishoni mwa filamu ilimtaja mhusika wake kwa cheo tu, Mkuu wa Usalama. Hakupewa jina. Miaka miwili baadaye, filamu ya Black Panther ilipotoka, mlinzi yule alikuwa na jina, Ayo, na tangu hapo ameonekana katika filamu na tamthilia zinazofuatwa na watu wa mabara yote.

Mwigizaji huyo ni Florence Kasumba. Jina lake la ukoo halihitaji maelezo kwa mtu wa Buganda. Alizaliwa Kampala tarehe 26 Oktoba 1976, akakulia Ujerumani, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameitumia kwenye majukwaa na televisheni za huko.

Msomaji anayeshinda Busia au Rusumo akisubiri karatasi zake zigongwe muhuri anaweza kuuliza sinema ya Wamarekani inamhusu nini. Inamhusu kuliko anavyodhani. Wakanda, nchi hiyo ya kubuni iliyotangulia mbele ya dunia nzima kwa teknolojia, imewekwa na watungaji wake katika eneo letu. Ilianza mwaka 1966 katika kitabu cha katuni cha Stan Lee na Jack Kirby, na tangu wakati huo imekuwa ikihamishwa: ramani moja inaiweka jirani na Ziwa Turkana, nyingine kando ya Ziwa Victoria. Vyovyote iwavyo, ukiifuata ramani utakuta Wakanda ni jirani yako. Na shauri kubwa linalowagawanya watu wake katika filamu ile ni moja tu: mpaka ufunguliwe au uendelee kufungwa.

Mwaka aliozaliwa Kasumba, Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa imebakiza miezi tu kuvunjika. Mwaka uliofuata ilikufa, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo haukufunguliwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Wazee wa Namanga na Taveta wanakumbuka biashara ya miaka ile ilikuwaje, na wengi wao hawapendi kueleza mzigo ulipita wapi.

Viatu vya magurudumu

Essen, mji aliokulia, uko magharibi mwa Ujerumani katika bonde la Ruhr, eneo lililojengwa kwa makaa ya mawe na chuma. Akiwa na miaka 12 alitazama Starlight Express, mchezo wa muziki unaoonyeshwa katika mji jirani wa Bochum. Humo waigizaji huvaa viatu vya magurudumu na kukimbizana kwa kasi wakijifanya mabehewa na vichwa vya garimoshi. Mchezo huo ulianza Bochum mwaka 1988 katika ukumbi uliojengwa kwa ajili yake peke yake. Mtoto yule wa Kampala aliona watu wanaimba, wanacheza na kuigiza kwa wakati mmoja, akajua hiyo ndiyo kazi anayoitaka.

Masomo yake aliyafanya Tilburg, kusini mwa Uholanzi, katika chuo cha Fontys, akahitimu mwaka 2000 katika uigizaji, uimbaji na uchezaji. Kati ya Essen na Tilburg kuna mpaka wa nchi mbili, lakini ukaguzi wa pasi ulikuwa umekwisha kuondolewa mwaka 1995 kwa mkataba wa Schengen. Unajua umevuka kwa kuona vibao vya barabarani vimebadilika lugha. Mwaka huo huo wa 2000, mwezi Julai, mkataba wa Jumuiya yetu mpya ya Afrika Mashariki ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kutumika, na abiria wa basi la Arusha kwenda Nairobi walikuwa wangali wanashuka mara mbili, upande huu na upande ule, mabegi mkononi.

Filamu yake ya kwanza ilikuwa ya Kiholanzi, Ik ook van jou, iliyotoka mwaka 2001. Baada ya hapo ilifuata miaka mingi ya jukwaani, ambayo wanaomfahamu kwa Wakanda peke yake hawaijui kabisa. Alicheza katika Cats, Chicago na West Side Story. Alikuwa katika kundi la kwanza lililopeleka Mamma Mia! kwenye jukwaa la Hamburg kwa Kijerumani. Katika Aida, mchezo ulioandikiwa muziki na Elton John, alipewa nafasi ya Aida mwenyewe, binti wa mfalme wa Nubia aliyetekwa na kupelekwa Misri.

Kazi ya michezo ya muziki Ulaya haina tofauti kubwa na kazi ya duka. Mlango unafunguliwa kila jioni, uwe na mafua usiwe nayo, na Jumamosi unafunguliwa mara mbili. Anayeidumu kazi hiyo miaka kumi anatoka na mwili uliozoea na sauti iliyokomaa, na hashtuki taa ikizimika ghafla. Kasumba aliongeza na mambo mengine kwenye bidhaa zake: Kijerumani, Kiingereza na Kiholanzi, kisha mazoezi ya kung fu. Kichwa alikuwa amekwisha kukinyoa kabla hajaambiwa na mtu yeyote kwamba walinzi wa Wakanda wananyoa.

Kwenye televisheni alianzia chini kama wengine. Ujerumani ina tamthilia za polisi zisizohesabika, na kila moja inahitaji kila wiki shahidi, mshukiwa, daktari, mtu wa mapokezi. Waigizaji weusi wa nchi hiyo wamelalamika kwa miaka mingi kwamba sehemu wanazopewa ni zile zile, za mkimbizi au mhudumu, na mara nyingi mhusika hana hata jina. Kwa hiyo mtu anapoona Mkuu wa Usalama asiye na jina katika filamu ya mamilioni ya dola, asidhani Wamarekani peke yao ndio walioanza.

Walinzi, wafugaji na mpaka

Black Panther iliongozwa na Ryan Coogler, ikaingia kumbi za Marekani tarehe 16 Februari 2018. Ni filamu ya kubuni ya kisayansi: kuna treni zinazoelea hewani, vyombo vya kuruka visivyoonekana, na madini yanayoitwa vibranium yanayoponya majeraha na kuendesha mji mzima. Kwa nje, hata hivyo, Wakanda inajifanya nchi maskini ya wafugaji na wafuma nguo. Haiuzi madini yake kwa mtu yeyote. Haipokei mgeni, na mgeni haioni, kwa sababu mji wake umefichwa nyuma ya picha ya msitu.

Ayo ni mmoja wa Dora Milaje, kikosi cha wanawake kinachomlinda mfalme. Juu yake yuko Jenerali Okoye, aliyeigizwa na Danai Gurira, Mmarekani aliyekulia Harare. Kama unasubiri Ayo atoe hotuba, hatoi. Kazi yake ni kusimama, kutazama, na mambo yakiharibika kupigana, na anapigana kweli kweli katika vita ya mwisho, pale Wakanda inapojigawa pande mbili. Kwa maoni yangu huu ndio ugumu wa kazi yake. Kusimama nyuma ya mfalme bila kusema neno, na mtazamaji bado ajue nani atakufa kwanza akimsogelea, si jambo linalofundishwa kwa siku moja. Ni matunda ya yale majukwaa ya Hamburg na kwingineko.

Lugha ya Wakanda katika filamu ni Kixhosa. Hapa wasomaji wetu wana haki ya kunung'unika: nchi iliyo karibu na Turkana, au kando ya Victoria, ingetarajiwa kuongea na majirani zake kwa Kiswahili, maana katika mipaka hiyo hakuna bei inayopatanwa kwa Kixhosa. Sababu yenyewe ni ya kibinadamu tu. Katika Civil War, mfalme mzee aliigizwa na John Kani, gwiji wa jukwaa kutoka Afrika Kusini, naye akatumia lugha yake mama alipokuwa akiongea na Chadwick Boseman, aliyeigiza mwanawe. Ikabaki hivyo. Mzaliwa wa Kampala, aliyekulia Essen na kusomea Tilburg, ikambidi ajifunze kutamka Kixhosa.

Wanaoshika shauri la mpaka ni wengine wawili. Mmoja ni Nakia, jasusi wa Wakanda anayezunguka nchi za nje, akarudi na kumwambia mfalme kwamba hawezi kukaa raha huku majirani wakiteseka na wao wana uwezo wa kusaidia. Nakia ni Lupita Nyong'o, aliyezaliwa Mexico na kukulia Kenya. Naye alipitia televisheni, katika tamthilia ya Shuga iliyopigwa Nairobi mwaka 2009. Wa pili ni W'Kabi, mkuu wa Kabila la Mpakani. Watu wake wanajifanya wachungaji, wamejifunika mablanketi, lakini blanketi likifunuliwa linakuwa ngao. W'Kabi anasema ukiwaingiza wakimbizi wanakuja na matatizo yao, na mwisho Wakanda itakuwa kama kwingine kote. Anayemwigiza ni Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London na wazazi kutoka Uganda.

Tazama hapo. Mabishano juu ya mpaka wa nchi ya Afrika Mashariki isiyokuwapo yanafanywa na msichana wa Kenya na kijana wa wazazi wa Uganda, mbele ya macho ya mlinzi aliyezaliwa Kampala, ndani ya studio za Atlanta, Marekani. Hoja zao zote mbili nimezisikia kwenye mabenchi ya forodha, karibu neno kwa neno, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuitazama filamu hiyo.

Na mwaka mmoja tu baadaye jambo lenyewe likatokea. Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wake na Uganda wa Gatuna. Malori yakapinda. Mama aliyekuwa akivuka asubuhi na vitunguu na kurudi mchana na sabuni akajikuta upande mmoja, wateja wake upande wa pili, na kati yao askari. Mpaka ulifunguliwa tarehe 31 Januari 2022, karibu miaka mitatu kamili. Wapo waliorudi kwenye biashara yao. Wapo ambao mtaji ulikuwa umekwisha kuliwa nyumbani.

Katika filamu, mfalme anaufungua mpaka katika dakika za mwisho, anasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kutangaza kwamba nchi yake haitajificha tena. Watazamaji wanapiga makofi na taa zinawashwa. Mtu wa forodha angetaka kujua kinachofuata: ushuru utakuwaje, na nani atakagua magari?

Cheti cha asili ya bidhaa

Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya wanajua kwamba mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa umezalishwa ndani ya nchi wanachama, unavuka kwa cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa. Sasa chukua fomu hiyo ujaribu kuijazia Black Panther.

Milima na misitu inayoonekana chombo cha mfalme kikiruka juu ya Wakanda: sehemu ya picha hizo za angani zilipigwa Uganda, katika Rwenzori na Bwindi. Rangi nyekundu ya mavazi ya Dora Milaje: mbunifu wa mavazi, Ruth E. Carter, ameeleza kwamba aliangalia kwa Wamasai, na ushanga vile vile. Pete za shingoni ni za Wandebele wa Afrika Kusini. Mablanketi ya W'Kabi ni ya Basotho. Kofia ya malkia ni ya wanawake wa Kizulu walioolewa, ingawa ile ya kwenye filamu ilitengenezwa kwa mashine ya kuchapa vitu. Lugha tumekwisha kuitaja. Waigizaji tumewataja.

Asili ya bidhaa, kwa kanuni za forodha, haitazami malighafi peke yake. Inauliza thamani iliongezewa wapi. Na jibu ni Atlanta na California. Filamu iligharimu kiasi cha dola milioni 200 kuitengeneza na ikaingiza takriban dola bilioni 1.3 kwenye kumbi za dunia. Ilichukua tuzo tatu za Oscar mwaka 2019, mojawapo ikiwa ya mavazi, na Carter akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Anaistahili, mavazi yale ni ya kupendeza. Lakini mama wa Namanga anayetunga ushanga mwekundu kwa sindano chini ya mwavuli anauza kwa bei aliyouzia mwaka uliotangulia, na mtalii bado anamwomba apunguze.

Tulichopata sisi ni heshima, nayo isidharauliwe. Kisumu ilifanyiwa onyesho la uzinduzi tarehe 13 Februari 2018, siku tatu kabla ya Wamarekani wenyewe kuanza kukata tiketi, kwa sababu Lupita ni binti wa pale na baba yake, Anyang' Nyong'o, ndiye aliyekuwa gavana. Mji wa bandari ya ziwa, unaopokea samaki na wafanyabiashara kutoka nchi tatu, ukatangulia kuiona Wakanda.

Wengine waliisubiri kwa njia ya kawaida. Katika eneo letu filamu ya kigeni huwa haijafika mpaka iwe imetiwa maneno. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, Uganda ina ma-VJ wake akiwemo VJ Jingo, watu wanaotafsiri juu kwa juu na kuongeza chumvi yao. Katika vibanda umiza, mhusika mkimya hubebeshwa maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Na diski hizo nazo ni bidhaa ya mpakani, zinavuka ndani ya magunia ya mitumba na chini ya viti vya mabasi. Studio ya Marekani haipati senti hapo. Msanii wa huku naye hapati, kwa kuwa anayenakili kazi ya mgeni ananakili na ya jirani yake. Wasambazaji wa filamu za Kibongo wanalijua donda hilo vizuri.

Si kwamba hatujajaribu kutengeneza filamu zetu za wakati ujao. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi, filamu ya dakika zisizozidi 25 kuhusu Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, ambako watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Mwanamke anayeitwa Asha anaomba kibali cha kutoka nje na kunyimwa. Mwaka 2021 ikaja Neptune Frost, iliyopigwa Rwanda na kuweka kisa chake Burundi, kwa wachimbaji wa koltani wanaotoroka. Ndani yake Kiswahili kinasikika pamoja na Kirundi na Kinyarwanda. Fedha za filamu hizo mbili zikijumlishwa hazikaribii gharama za Wakanda. Lakini angalia zinachozungumzia: lango, kibali, madini, na mtu anayetaka kupita. Inaelekea msanii wa huku akiwaza miaka mia ijayo, kitu cha kwanza anachokiona ni kizuizi cha barabarani.

Jumapili usiku

Baada ya Wakanda, Kasumba hakuhamia Hollywood akasahau televisheni. Mwezi ule ule wa Februari 2018 alionekana pia katika Mute, filamu ya Duncan Jones inayoonyesha Berlin ya miaka ijayo, mji wenye taa nyingi na watu wapweke. Mwaka huo akaigiza katika tamthilia ya Kijerumani ya Deutschland 86 kama Rose Seithathi, mwanamke wa ANC anayefanya kazi ya siri wakati wa ubaguzi wa rangi. Hapo hatimaye alipata Afrika yenye historia yake, na maneno ya kutosha.

Kisha tarehe 3 Februari 2019 akaingia kwenye Tatort. Kwa asiyejua, Tatort ni tamthilia ya upelelezi inayoonyeshwa Ujerumani Jumapili usiku tangu mwaka 1970, na familia nzima hukaa kuitazama kama sisi tunavyokaa kusikiliza taarifa ya habari. Kila mji una wapelelezi wake. Kasumba aliwekwa Göttingen kama Anaïs Schmitz, akifanya kazi pamoja na Charlotte Lindholm, mpelelezi mashuhuri anayeigizwa na Maria Furtwängler, aliyehamishiwa huko kama adhabu. Wanawake hawa wawili hawapendani, na hiyo ndiyo raha yake. Schmitz alikuwa mpelelezi mweusi wa kwanza mwanamke katika historia ya tamthilia hiyo, miaka 48 tangu ianze. Wakanda ilimpa umaarufu wa dunia. Lakini kwa mtoto mweusi anayekulia Essen leo, nadhani afisa wa polisi mwenye jina la Kijerumani, anayegombana na mwenzake kuhusu faili, ni jambo la ajabu zaidi kuliko treni inayoelea.

Mwezi Julai mwaka huo sauti yake ilisikika katika The Lion King mpya, akiwa fisi anayeitwa Shenzi. Jina hilo walilitoa kwenye Kiswahili, kama walivyomtoa Simba na Rafiki. Hakuna mama wa Mombasa ambaye angemwita mwanawe hivyo, hata awe fisi.

Mwaka 2022, wakati Gatuna ikiwa imekwisha kufunguliwa, ilitoka Black Panther: Wakanda Forever. Boseman alikuwa amefariki Agosti 2020, na filamu yenyewe ni ya maombolezo. Inajibu pia lile swali la mtu wa forodha. Wakanda imefungua milango, na wa kwanza kuja si wateja, ni wezi wa vibranium waliotumwa na nchi kubwa, wanaovamia kituo chake nchini Mali usiku. Dora Milaje wanawakamata na malkia anawaonyesha mbele ya wajumbe wa Umoja wa Mataifa, mikono imefungwa. Yeyote anayefuatilia safari ya madini ya mashariki mwa Kongo hatahitaji kueleweshwa tukio hilo.

Kama ningetakiwa kuchagua tukio moja la kumwonyesha mtu asiyemfahamu Kasumba, lakini, ningerudi nyuma mwaka mmoja, kwenye tamthilia ya The Falcon and the Winter Soldier ya 2021. Sehemu yake ya nne inaanza na Ayo usiku, kando ya moto, huko Wakanda. Mbele yake ameketi Bucky, askari aliyefanywa muuaji kwa kutiwa maneno fulani akilini: akiyasikia, anapoteza nafsi yake na kutii. Wakanda imemtibu. Kazi ya Ayo ni kuyasoma maneno hayo moja baada ya jingine, kuona kama yatamwamsha yule muuaji. Anayasoma taratibu. Uso wake hauonyeshi kitu hadi neno la mwisho lipite, ndipo anamwambia kwamba yuko huru. Mlinzi asiye na jina wa mwaka 2016 anaibeba sehemu nzima kwa macho.

Mbele kidogo, katika sehemu hiyo hiyo, yuko Riga, Latvia. Amemfuata Zemo, mtu aliyemuua mfalme wake mzee kwa bomu. Mwanajeshi wa Kimarekani anasimama mlangoni na kumwambia kwamba hapa hana mamlaka. Ayo anajibu kuwa Dora Milaje wana mamlaka popote wanapojikuta. Msomaji asijaribu jibu hilo Malaba. Unazuka ugomvi, Mmarekani anapigwa mpaka anabaki ameduwaa sakafuni, na Bucky anapojaribu kuingilia, Ayo anaugusa mkono wake wa chuma mahali fulani nao unaanguka chini kama kitasa kilicholegea.

Wakati hayo yakiendelea, Zemo alikuwa amejifungia bafuni. Walipovunja mlango walikuta tundu sakafuni. Alikuwa amekwisha kupita njia ya panya.